Dawa ya Kwanza ya Zege ni Kipimo

Tarehe 19 Juni, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua rasmi Daraja la J.P. Magufuli, na tangu siku hiyo Kigongo ya Misungwi na Busisi ya Sengerema zimekuwa majirani wa kweli. Sisi tuliokulia ukanda huu tunaijua maana ya jambo hilo. Tumeketi juu ya magunia kando ya maji tukingoja kivuko tangu jua likiwa utosini mpaka likazama. Tumeona wagonjwa wakingoja, samaki wakioza na wanafunzi wakichelewa masomo. Leo safari hiyo ni ya dakika chache tu, juu ya daraja lenye urefu wa kilometa zipatazo tatu, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa tarehe 7 Desemba, 2019 na Rais John Pombe Magufuli, ambaye sasa ni marehemu, na ambalo limegharimu zaidi ya Shilingi bilioni 700 kutoka katika hazina ya taifa letu wenyewe.

Wengi tunapolipita daraja lile hutazama urefu wake, nguzo zake zilizozama ziwani, na nyaya nene zinazolishika. Ni wachache mno wanaojiuliza lile zege lenyewe lilitengenezwaje hata likakubali kumiminwa ndani ya mashimo yaliyochimbwa chini ya maji, likajaza kila pembe, likakomaa, na sasa likabeba malori usiku na mchana. Yaelekea tunadhani kwamba swali hilo ni la wahandisi peke yao. Safu hii inasema kwamba swali hilo ni la kila mwananchi na kila mtumishi wa Serikali katika mkoa huu, na hasa ni la ndugu zetu wa visiwani: Ukerewe, Ukara, Irugwa, Kome na Maisome. Sababu zake tutazieleza hatua kwa hatua.

Kwanza, ni ukweli usiopingika kwamba zege lililo kubwa kuliko yote katika nchi yetu si lile la madaraja. Zege kubwa ni lile linalochanganywa kwa koleo, karai kwa karai, katika vijiji vyetu. Mwaka 2021 Serikali ilianza kujenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19, na mengi kati ya hayo yalijengwa na mafundi wa kawaida chini ya usimamizi wa kamati za shule na vijiji. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwa kuwa fedha zilibaki kwa wananchi na kazi ilikwenda haraka. Lakini maana yake ni kwamba uhai wa watoto wetu umewekwa mikononi mwa fundi wa kijiji, mwenyekiti wa kijiji, mtendaji wa kata na mwalimu mkuu. Kama watu hao hawajui zege ni nini, hakuna mhandisi wa wilaya atakayeweza kuwa kila mahali kwa wakati mmoja ili awazuie wasikosee.

Basi zege ni nini? Ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Saruji ikikutana na maji haikauki kama chungu kinavyokauka juani. Hugeuka kitu kipya, na kitu hicho ndicho kinachoushika mchanga na kokoto vikawa jiwe moja. Kwa hiyo zege halikauki bali hukomaa, na ndiyo maana fundi mwema hulimwagilia maji kwa siku saba na zaidi, wala halihukumu mpaka zitimie siku 28. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hutumia takriban lita 12 tu za maji katika kugeuka huko. Maji mengine yote tunayoyatia ni ya kulainisha, ili koleo lisizame kwa shida na zege liingie katikati ya nondo. Maji hayo ya ziada hayageuki jiwe. Hutoka yakaenda zake, na nyuma yake huacha vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Ukuta unaoonekana mzima kwa nje, kwa ndani ni kama sifongo.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1918 mtaalamu wa Marekani aitwaye Duff Abrams, baada ya majaribio mengi sana aliyoyafanya mjini Chicago, alionyesha kwamba nguvu ya zege hutegemea zaidi uwiano kati ya maji na saruji. Fundi akitia lita 25 kwa kila mfuko, atapata zege imara. Akitia lita 40 kwa mfuko ule ule, na mchanga ule ule, na kokoto zile zile, atapoteza karibu nusu ya nguvu. Hakuiba mfuko hata mmoja, wala hakupunguza nondo hata moja. Aliongeza ndoo moja tu ya maji kwa sababu vijana wake walichoka. Lakini hasara aliyoileta ni sawa na ya mwizi aliyebeba nusu ya saruji usiku.

Hapa ndipo zinapoingia zile kemikali ambazo mafundi huziita kwa kifupi dawa za zege. Wataalamu huziita viungio, na jina hilo linafaa sana. Kiungo katika mchuzi si chakula. Mtu hashibi kwa bizari. Lakini kiungo kidogo hubadili mchuzi wote. Vivyo hivyo dawa za zege hutiwa kwa kiasi kidogo mno, aghalabu kati ya gramu 100 na kilo moja kwa mfuko wa saruji, na hubadili tabia ya mchanganyiko mzima.

Iko dawa ya kupunguza maji. Punje za saruji zikitiwa majini hushikamana, kama unga wa muhogo unavyofanya madonge mpishi asipokuwa mwepesi wa mwiko. Katikati ya madonge hayo hufungiwa maji ambayo hayafanyi kazi yoyote. Dawa hii huzivaa punje zile na kuzifanya zisukumane badala ya kushikamana, na maji yaliyofungiwa yakaachiliwa. Zege huwa laini bila kuongezewa maji. Dawa za kwanza za aina hii zilianza kutumika katika miaka ya 1930, nazo zilipatikana katika mabaki ya viwanda vya kutengeneza karatasi kwa miti. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Japani na Ujerumani walivumbua dawa zenye nguvu zaidi, ambazo zaweza kupunguza maji kwa robo nzima na zaidi. Madaraja makubwa ya zama hizi, yenye zege linalosukumwa kwa mabomba na kuteremshwa chini ya maji, hayajengwi bila dawa za namna hii.

Iko dawa ya kuchelewesha. Jua la Misungwi tunalijua. Zege likichanganywa saa tano asubuhi huanza kushika kabla ya kufika linakopelekwa, na fundi asiyejua hulimwagia maji ili kulifufua, kumbe analiua. Dawa ya kuchelewesha hulipa zege muda. Sukari tunayotia katika chai ni mojawapo ya vitu vyenye tabia hiyo. Vijiko vitano vya chai katika mfuko mmoja wa saruji vyatosha kuchelewesha zege kwa saa kadhaa. Lakini robo kilo ya sukari hiyo hiyo katika mfuko huo huo yaweza kulizuia zege lisishike kabisa. Tumetoa mfano huu si kwa kumshauri mtu atie sukari katika nguzo za nyumba yake, bali ili msomaji aone kwa kitu anachokijua jinsi tofauti ya dawa na sumu ilivyo katika kiasi.

Iko pia dawa ya kuharakisha, ili zege lishike upesi. Dawa hii ina historia yenye mafunzo. Kwa miaka mingi duniani ilitumika chumvi ya kalisi, kwa kuwa ilikuwa rahisi na ilifanya kazi vizuri. Baada ya miaka, majengo yalianza kupasuka, kwa sababu chumvi ile hula nondo ndani ya zege. Nondo ikipata kutu huvimba, na ikivimba hulipasua zege lililoikumbatia. Uingereza ilipiga marufuku chumvi hiyo katika zege lenye nondo mwaka 1977, baada ya hasara kubwa. Dawa ya leo yaweza kuwa maradhi ya kesho.

Iko, mwisho, dawa ya kutia viputo vidogo vya hewa. Hiyo ni tiba ya nchi za baridi, ambako maji ndani ya zege huganda yakawa barafu na kulipasua. Kwetu sisi tunaoishi kando ya Ziwa Viktoria barafu tunaiona katika vikapu vya samaki tu. Fundi anayenunua dawa hiyo kwa sababu ameona picha ya Ulaya juu ya kopo anapunguza nguvu ya zege lake kwa fedha yake mwenyewe. Si kila kilicho kizuri ugenini kinatufaa nyumbani.

Sasa tuwageukie ndugu zetu wa visiwani. Kwao mambo haya ni mazito mara mbili. Mfuko wa saruji unaofika Ukara umelipiwa dukani, umelipiwa nauli ya lori, umelipiwa nauli ya chombo, umelipiwa mpagazi wa huku na mpagazi wa kule. Tena umesafiri juu ya maji, na saruji huvuta unyevu hata ikiwa ndani ya mfuko. Inapolala wiki nyingi katika ghala lenye sakafu ya udongo hufanya mabonge, na saruji yenye mabonge yasiyovunjika kwa vidole imekwisha kufa sehemu yake. Mchanga na mawe visiwani viko tele, na akina mama wanaogonga kokoto kwa nyundo kutwa nzima ni mashahidi. Ila saruji ni kitu cha thamani, na kuiharibu kwa ndoo ya maji ni kuharibu jasho la watu wengi.

Kuna na jambo la maji yenyewe. Maji ya ziwa letu hayana chumvi kama ya bahari, kwa hiyo yakiwa safi yanafaa kwa zege. Lakini maji yanayotekwa ufukoni, penye ule utando wa kijani na penye povu la wafuaji nguo, hayafai. Mimea ile na sabuni ile huingiza hewa katika zege bila mtu kukusudia, na hewa hiyo hula nguvu. Hicho nacho ni kiungio, isipokuwa hakuna aliyekinunua wala aliyekipima. Mafundi wa mwaloni wangekuwa wanateka maji mbele kidogo, penye weupe, wangepata faida bila kulipa senti moja.

Mwandishi wa safu hii alipata kutembelea kijiji kimoja cha kisiwani, ambacho hatutakitaja, kutazama tangi la kuvunia maji ya mvua katika shule. Wananchi walikuwa wamebeba mawe na mchanga kwa vichwa. Walikuwa wamechanga fedha. Kamati ilikuwa imenunua mjini makopo ya dawa ya kuzuia maji yasipenye, na ikajivunia kwamba tangi lao litakuwa la kisasa. Tulipofika, maji yalikuwa yanavuja katika pande tatu. Tukamwuliza fundi alitia dawa kiasi gani. Akajibu, “Mzee, nilitia mpaka nikaona inatosha.” Tukamwuliza maji alitia kiasi gani. Akajibu vile vile. Maandishi ya kopo yalikuwa ya lugha ambayo hapana mtu katika kamati ile aliyeweza kuisoma. Hatukuwa na moyo wa kumlaumu yule fundi, kwa maana alifanya kazi kwa bidii na kwa nia njema. Lakini watoto wa shule ile waliendelea kuteka maji ziwani kwa ndoo, na tangi lilibaki kama sanamu.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukilifikiri jambo hili. Dawa haikuwa mbaya. Pengine ilikuwa bora. Ila dawa iliyotiwa katika zege lenye maji ya kupindukia ni sawa na dawa anayopewa mgonjwa anayeendelea kunywa sumu. Sisi tuliopita chuoni kabla ya kuingia shule ya Serikali tulifundishwa mapema kwamba kupunja vipimo ni dhambi. Tulipokuwa watoto tulidhani fundisho hilo ni la wenye maduka na mizani zao. Leo tunaona kwamba linamhusu pia anayezidisha ndoo ya maji, kwani naye amepunja, na anayepunjwa ni mtoto atakayekaa chini ya linta ile miaka ishirini ijayo.

Wapo watakaosema kwamba tunakuza mambo, na kwamba nyumba za wazee wetu zilisimama bila kemikali. Ni kweli kwamba majumba ya mawe na chokaa ya Kilwa na ya pwani yote yalisimama karne nyingi. Lakini wale waliojenga kwa chokaa walikuwa na vipimo vyao, na walikuwa na subira ya kuipumzisha chokaa na kuipiga sakafu siku nyingi. Sisi tumeiacha subira yao bila kushika kipimo cha wataalamu wa leo. Tena mzigo tunaoutwika zege siku hizi ni mkubwa kuliko wa zamani. Nchi yetu haijasahau tarehe 29 Machi, 2013, jengo refu lilipoanguka katikati ya Dar es Salaam na kuua watu 36. Wala haijasahau tarehe 16 Novemba, 2024, jengo jingine lilipoanguka Kariakoo. Hatusemi kwamba misiba hiyo ilitokana na maji au dawa. Tunasema kwamba jengo likianguka haliulizi nani alikusudia mema.

Na watu wa visiwani wanajua uchungu wa msiba kuliko wengi wetu. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, Ukara, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Taifa zima lilichanga rambirambi, na fedha zilizosalia katika michango hiyo zikaelekezwa katika ujenzi wa Kituo cha Afya cha Bwisya. Tunakumbusha jambo hili kwa sababu moja. Visiwani kila gati, kila zahanati na kila tangi la maji hujengwa kwa fedha iliyopatikana kwa taabu, na mara nyingine kwa fedha ya machozi. Fedha ya namna hiyo haistahili zege la kubahatisha mahali popote.

Sasa tufanye nini? Kulalamika peke yake hakujengi nchi. Safu hii inatoa mapendekezo matano, na yote yanawezekana bila kungoja msaada wa mtu.

La kwanza ni kwa mafundi na kamati za vijiji. Kabla ya kununua dawa yoyote, nunueni ndoo ya kupimia. Andikeni kwa rangi juu ya ubao mahali pa kazi: saruji mfuko mmoja, mchanga makarai mangapi, kokoto makarai mangapi, maji lita ngapi. Kila mwananchi apitaye asome na ahoji. Mvua ikinyesha juu ya mchanga, maji ya ndoo yapunguzwe, kwa maana mchanga umekwisha kunywa sehemu yake. Changanyeni kidogo kidogo, zege litakaloisha kabla halijaanza kushika. Lililoshika litupwe, lisifufuliwe. Kupunguza maji ni dawa ya kwanza, nayo haiuzwi dukani.

La pili ni kwa halmashauri za wilaya. Kila jengo la umma, hata darasa moja la kijijini, lipimwe zege lake. Chombo cha kupimia ulaini wa zege ni kibati chenye umbo la pia, ambacho fundi yeyote wa bati aweza kukifyatua akipewa vipimo sahihi. Vipande vya mchemraba vya kujaribu nguvu vyaweza kumwagwa visiwani na kupelekwa Mwanza kuvunjwa baada ya siku 28. Malipo ya fundi yafuate majibu hayo, yasiyatangulie. Mhandisi wa wilaya asiyeweza kuonyesha majibu ya vipimo aulizwe na Baraza la Madiwani kama anavyoulizwa mweka hazina asiye na stakabadhi.

La tatu ni kwa Shirika la Viwango, lililoundwa mwaka 1975 kwa kazi hii hasa. Dawa za zege zinazouzwa katika maduka yetu ya vifaa vya ujenzi zinastahili uangalizi ule ule unaopewa saruji na nondo. Kila kopo liwe na maelezo ya Kiswahili: dawa hii ni ya nini, itiwe kiasi gani kwa mfuko wa kilo 50, itiwe wakati gani, itakwisha nguvu lini, na je, ina chumvi inayokula nondo au haina. Mwuza duka asiyejua tofauti ya dawa ya kuharakisha na ya kuchelewesha ni hatari kama mwuza dawa za binadamu asiyejua kusoma.

La nne linahusu hazina ambayo hatujaitumia. Katika miaka ile ya ujenzi, vijana wetu wengi wa Misungwi, Sengerema na kwingineko walifanya kazi katika Daraja la J.P. Magufuli. Waliona kwa macho yao jinsi kila kitu kinavyopimwa. Waliona mzigo wa zege ukikataliwa kwa kutofikia kiwango ni jambo la kawaida katika kazi yenye nidhamu, wala si kudhalilishwa. Vijana hao sasa wamerudi makwao, wengine wanaendesha bodaboda, wengine wanavua. Halmashauri ziwaorodheshe. Vyuo vya VETA viwapime na kuwapa vyeti vinavyostahili ujuzi walio nao. Kisha watumwe visiwani wakawe walimu wa mafundi wenzao. Tutakuwa wazembe kama daraja litabaki na ujuzi uliolijenga ukapotea.

La tano ni la kujitegemea. Misungwi, Magu, Sengerema na wilaya jirani hulima mpunga, na mashine zetu za kukoboa zimezungukwa na vilima vya pumba ngumu ambazo huchomwa ovyo na kutupia moshi katika nyumba za watu. Majivu ya maganda ya mpunga, yakichomwa kwa moto wa kadiri usiozidi nyuzi 700 hivi na kusagwa laini, yana madini yanayoungana na saruji na kuongeza uimara wa zege, na yaweza kushika nafasi ya sehemu ya kumi ya saruji au zaidi. Yakichomwa kiholela hayafai, kwa sababu moto ukizidi hufa nguvu yake, na ukipungua hubaki makaa. Hapa tena neno ni kipimo. Watafiti wetu wa vifaa vya ujenzi, kwa kushirikiana na SIDO, wangefanya jambo la maana kujenga tanuru la mfano katika kanda hii, ili tujue kwa hakika majivu yetu yana uwezo gani. Pengine siku moja kiungio cha zege la visiwani kitatoka Misungwi, badala ya kuvuka bahari katika kopo.

Tunajua kwamba maneno ya safu hii hayatamfikia kila fundi. Lakini yatamfikia mtendaji wa kata, mwalimu, diwani na mkuu wa idara. Hao tunawaomba jambo moja wiki hii. Waende mahali popote penye ujenzi wa umma katika eneo lao, wamwulize fundi swali fupi: “Ndugu, umetia maji lita ngapi kwa mfuko?” Akijibu kwa tarakimu, wampongeze mbele ya watu. Akijibu kwamba ametia mpaka akaona inatosha, kazi isimame mpaka ndoo ya kupimia ipatikane.

Daraja la Kigongo na Busisi limetuonyesha kwamba mikono ya Watanzania yaweza kushiriki katika kazi kubwa kuliko ilivyowahi kufanywa ziwani humu. Lililobaki ni kuuvusha uangalifu ule mpaka Ukara na Maisome, mpaka katika darasa dogo kuliko yote na tangi la mwisho kabisa. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunaojenga kuta mpya kila mwaka tuongeze kwamba ufa mwingi huanzia katika ndoo, siku ile ya kwanza, kabla ukuta wenyewe haujasimama.